Pesa ikae mbali na mkono

Ukitaka kujua mwezi umefika wapi bila kutazama kalenda, kaa saa moja karibu na kibanda cha wakala wa fedha za simu mtaani kwako. Mishahara ya serikali ikishatoka, wateja wanatoa laki, laki mbili, na wengi hawaulizi hata makato ni kiasi gani. Wiki mbili baadaye watu ni walewale, ila viwango vimeshuka. Huyu anatoa Sh10,000, yule Sh5,000, na aliye nyuma yao anabonyeza simu kuona kama Songesha, huduma ya kukopeshwa salio, itamwongezea Sh2,000 anunue umeme. Mshahara haujapunguzwa hata shilingi moja tangu mwezi uliopita. Pesa imekwenda wapi?

Washauri wa fedha wana jibu lao tayari: nidhamu. Ingia YouTube au kaa kwenye semina yoyote ya ujasiriamali, utaambiwa ugawe kipato chako mafungu matatu: asilimia 50 ya mahitaji ya lazima, 30 ya mambo unayoyapenda, 20 ya akiba na madeni. Kisha ujikaze. Mgawo huo ulienezwa na Wamarekani wawili, Elizabeth Warren, ambaye baadaye akawa seneta, na binti yake Amelia Warren Tyagi, katika kitabu chao cha mwaka 2005. Si ushauri mbaya. Ila unamfaa mtu anayepokea kiasi kilekile kila mwezi na ambaye simu yake haiiti saa 12 asubuhi kutoka kijijini. Mama lishe anayerudi nyumbani leo na Sh25,000 na kesho na Sh9,000 hana mwezi wa kuugawa, ana siku. Dereva bodaboda mwenye hesabu ya tajiri kila jioni, naye ni vilevile.

Hata huyo mwenye mshahara, kujikaza kwake kunadumu siku ngapi? Nimewasikiliza watu wengi wakieleza pesa zao zinavyoisha, na sikumbuki aliyesema zilikwenda kwenye anasa. Zilikwenda kwa vipande vidogovidogo ambavyo kila kimoja kilikuwa na sababu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaowaona wenye tabia hii kuwa na tamaa kuliko wenzao. Wengi wao wana matatizo mawili tu: pesa yao inakaa karibu mno na mkono, na inafika tarehe isiyolingana na tarehe ya matumizi makubwa. Tamaa ni shida kuitibu. Umbali na tarehe vinarekebishika.

Tuanze na huo ukaribu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na ikaingia Tanzania mwaka uliofuata. Kabla ya hapo, aliyekuwa na akiba benki alilazimika kupanda daladala, kupanga foleni na kuwahi kabla mlango haujafungwa. Usumbufu huo hakuna anayeulilia. Mgonjwa anatumiwa hela usiku wa manane, mzazi wa Kigoma anapata ya mbolea bila kusubiri mtu anayesafiri. Lakini safari ya benki ilikuwa na faida moja ambayo hakuna aliyeiandika mahali: ilimpa mtu nafasi ya kughairi. Sasa lipa namba imebandikwa kwenye meza ya chipsi, na kati ya kutamani na kulipa kuna namba ya siri ya tarakimu nne.

Si dhana tu kwamba pesa isiyoshikika hutoka kirahisi. Drazen Prelec na Duncan Simester waliwahi kuwashindanisha kwenye mnada wanafunzi wa shahada ya uzamili ya biashara katika chuo cha MIT, Marekani, bidhaa ikiwa tiketi za mchezo wa kikapu. Wengine waliambiwa watalipa taslimu, wengine kwa kadi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba wa kadi walikuwa tayari kulipa karibu mara mbili ya wa taslimu, kwa tiketi ileile. Hao ni watu waliokuwa wanasomea hesabu za biashara.

Kisha ikaja hatua ya pili. Januari 2019 Safaricom ilizindua Fuliza nchini Kenya, na huku kwetu tuna Songesha na wenzake. Salio likiisha, muamala hauishi; mtandao unakukopesha kiasi kinachopungua na kuanza kukukata mara pesa nyingine inapoingia. Kwa mtu aliyekwama hospitalini ni msaada mkubwa. Kwa mtu wa kawaida siku ya kawaida, maana yake ni kwamba sifuri imeondolewa. Zamani salio lilipokwisha, matumizi nayo yalikwisha, mtu akala kilichopo nyumbani. Sasa mwisho wa pesa hauonekani mpaka ukomo wa mkopo ufikiwe, na hela ya kesho inaingia ikiwa imeshaliwa.

Piga hesabu ya kitu kidogo. Sh3,000 kwa siku, yaani soda, vocha ya dharura na boda ya umbali ambao ungeweza kuutembea, ni Sh78,000 kwa siku 26 za kazi. Kwa mwaka ni Sh936,000. Simwambii mtu aache soda. Ninachosema ni kwamba hakuna anayeweza kukaa chini Januari akaamua kwa hiari yake kutenga karibu milioni moja kwa ajili ya vitu hivyo, na bado mamia kwa maelfu ya watu wanaitenga kila mwaka bila kuamua.

Nikiri pia kwamba si kila matumizi makubwa ni tabia. Anayenunua mafuta ya kula ya kupima kwa Mangi, sukari robo na unga nusu kilo, akijumlisha vipimo hivyo mwisho wa mwezi atakuta amelipa zaidi ya jirani aliyechukua ndoo na mfuko mzima. Hakukosa nidhamu. Alikosa pesa ya mkupuo siku moja. Kumhubiria huyo kuhusu kujinyima ni kumkosea adabu.

Mikopo ya kausha damu

Tabia ya kutumia kupita kiasi ingekuwa na mwisho wake wa kawaida kama si mkopo. Kuna mikopo inayojenga, na kuna ile ambayo mtaani imepewa jina la kausha damu. Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba kwa watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili: asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa Sh100,000 hiyo ni Sh3,500. Sasa mchukue anayekopa laki moja kwa masharti ya kurudisha laki na ishirini baada ya wiki mbili. Wiki mbili zikifika hana ya kulipa yote, analipa ile Sh20,000 na kuomba aongezewe muda. Akiendelea hivyo mwaka mzima, atakuwa amelipa mara 26, jumla Sh520,000, na laki moja ya watu bado iko palepale anadaiwa. Kwa ukomo wa Benki Kuu, riba ya mwaka kwa mtindo huohuo ingekuwa Sh42,000.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Nyingi za aina hiyo zilijulikana kwa jambo moja: ukichelewa, ujumbe wa kukudhalilisha unafika kwa shemeji yako, bosi wako na fundi aliyewahi kukutengenezea friji, kwa sababu ulipopakua programu uliiruhusu isome orodha ya namba zako. Watu walilipa haraka kwa aibu, na wakakopa kwingine ili walipe. Kufungiwa kwake ni hatua njema, lakini zinabadilika majina haraka kuliko orodha inavyochapishwa.

Watumishi wa umma walikuwa na kinga yao. Makato ya mkopo hayatakiwi kumwacha mtumishi chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Kenya nayo, katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inazuia makato kuzidi theluthi mbili. Busara ya kanuni hiyo ni kubwa, maana inalinda chakula cha familia dhidi ya mwenye familia mwenyewe. Wakopeshaji wa mtaani wakapata njia ya kuizunguka: mwalimu anaacha kadi yake ya benki na namba ya siri kwa anayemdai, na mshahara ukiingia, mwenye kadi si wa kwanza kuuona. Mtu aliyefika hapo haponi kwa daftari la matumizi. Anahitaji kurudishiwa kadi kwanza.

Fungu la watu

Sasa nifike pale ambapo makala nyingi za aina hii huwa zinapita kimya, labda kwa kuwa ziliandikwa mbali: michango.

Kwa Dar es Salaam kadi ya harusi mara nyingi ni Sh50,000 kwa mtu mmoja na Sh100,000 kwa wawili. Unaunganishwa kwenye kundi la WhatsApp kabla hujaulizwa, na jioni mweka hazina anabandika orodha: majina, ahadi, kilicholipwa, kilichobaki. Jina lako lipo, na mbele yake pametulia nafasi tupu inayoonwa na watu 140. Na harusi yenyewe ina hatua zake: kicheni pati, send-off, kisha sherehe kuu, kwa Waislamu wa pwani kuna siku ya kupamba, singo na kutuza. Ukiwa na umri wa kati ya miaka 25 na 45, miezi ya Juni mpaka Septemba unaweza kuwa na kadi nne mkononi.

Kuna wanaoshauri ukate kabisa. Huo ni ushauri wa mtu ambaye hajafiwa. Michango ndiyo bima ya wengi wetu. Siku msiba ukiingia nyumbani kwako, hakuna kampuni itakayoleta turubai, viti, mchele na gari la kusafirisha mwili mpaka Bukoba kabla ya alasiri. Watakaoleta ni walewale wa kwenye orodha. Kwa hiyo pesa ya mchango si hasara, na anayeihesabu hivyo atakuja kujuta.

Kasoro iko kwenye mikia ya mchango. Ukichunguza hesabu ya mwanamke aliyealikwa, mchango wenyewe ni nusu tu ya gharama, au pungufu. Kuna kitenge cha sare, na fundi wa kukishona kwa wiki moja, nywele, viatu vya rangi inayoendana, zawadi ya kicheni pati, bajaji ya kurudi saa 7 usiku. Mwanaume naye ana suti ya kukodi na meza ya vinywaji baada ya ukumbi kufungwa. Mikia hii haipo kwenye orodha ya mweka hazina, na hakuna atakayeidai. Ndiyo ya kukata. Vaa kitenge cha sare ya harusi iliyopita. Hakuna aliyefukuzwa ukumbini kwa sababu hiyo.

Jambo la pili ni kuwa na kiwango cha mwaka. Watu wa kadi wanakupata bila kinga kwa sababu kila harusi unaiamua peke yake, siku ilipofika, mbele ya shangazi. Ukishaamua mwanzoni mwa mwaka kwamba fungu la watu ni, tuseme, Sh360,000, yaani Sh30,000 kwa mwezi, basi maswali yanabaki mawili tu: limebaki kiasi gani, na huyu ni nani kwangu. Wa damu anapata kadi kamili. Wa ofisini anapata Sh20,000 na pongezi za dhati, na unamwambia mapema, siku ya kikao cha kwanza, si wiki ya harusi. Ahadi ni deni, na aliyeahidi kidogo akalipa anaheshimika kuliko aliyeahidi laki akazima simu.

Kufuta sherehe kunawezekana, ila kunategemea wewe ni nani. Mwaka 2015 Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za Desemba 9, nchi ikafanya usafi, na Sh4 bilioni zilizokuwa za sherehe zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge. Nadhani hakuna baba wa bi harusi Dar es Salaam mwenye mamlaka ya namna hiyo ndani ya ukoo wake.

Sanduku na ufunguo wake

Wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya jaribio magharibi mwa Kenya, kwa watu waliokuwa tayari kwenye vikundi vya kupeana pesa kwa zamu. Baadhi walipewa sanduku la chuma lenye tundu la kutumbukizia pesa, kufuli na ufunguo wake. Kibubu, kwa maneno mengine, na ufunguo wakabaki nao. Baada ya mwaka mmoja, matumizi yao kwa vitu vya kinga ya afya yalikuwa yamepanda kwa asilimia 66 kuliko ya wasiopewa kitu. Wengine walipewa sanduku hilohilo lakini ufunguo ukashikwa na mtu wa mradi. Hao kwa ujumla hawakufanya vizuri zaidi: pesa iliyofungwa kabisa haiwafai watu ambao dharura iko mlangoni. Waliofaidika na masharti makali walikuwa wale wanaoombwa sana na ndugu na marafiki. Na mbinu za kikundi, ambapo wanachama waliweka fungu la pembeni kwa ajili ya afya, zilikuwa na nguvu sana.

Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2013, na unachofundisha ni kitu chenye kipimo. Umbali kidogo unatosha. Umbali mwingi unarudisha mtu kwa mkopeshaji. Pia unamtetea mtu asiyejua kukataa. Anayeombwa kila siku ana shida na pesa inayoonekana, na sanduku linamwezesha kusema "sina" bila kudanganya sana, maana mkononi kweli hana.

Wanawake wa vikoba walikuwa wanalijua hili kabla wachumi hawajafika. Mfumo wa aina hiyo wenye sanduku ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, ukasambaa nchi nyingi za Afrika, na sanduku lake linafahamika kwa makufuli yake matatu: kila ufunguo na mshikaji wake, na halifunguliwi mpaka wote wakutane mbele ya wanachama. Mchezo wa kijumbe ni mkongwe zaidi na hauna hata sanduku. Pesa inaingia kwa kijumbe leo na inatoka leoleo kwa mwenye zamu. Wachambuzi hulalamika kwamba mchezo hauna riba. Ni kweli, lakini mwanachama hakuifuata riba. Alifuata watu kumi watakaomuuliza Jumamosi, "mama fulani, yako iko wapi?" Swali hilo halitoki kwenye programu yoyote ya simu.

Kwa asiye na kikundi, simu ileile iliyoleta tatizo ina sehemu ya dawa. Weka mbali pesa ya kodi, ada na umeme siku ileile inapoingia, kwenye akaunti isiyounganishwa na namba unayolipia chipsi. Toa taslimu ya wiki moja, kila Jumatatu, na ikiisha Ijumaa ujue Ijumaa. Jitoe kwenye huduma ya kukopeshwa salio, au omba ukomo wako ushushwe. Na kabla ya kukubali programu yoyote ya mkopo, angalia kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu na kama riba yake imeandikwa kwa mwezi, si kwa siku.

Limebaki la tarehe. Esther Duflo na Michael Kremer, waliopata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee, walishirikiana na Robinson huko huko magharibi mwa Kenya, Busia, kuuliza kwa nini wakulima wanaosema watanunua mbolea msimu ujao huwa hawanunui. Waliwapelekea ofa wakati wa mavuno, pesa ikiwa mkononi: lipa sasa, tutakuletea mbolea bure siku ya kuihitaji. Kilichopungua ni gharama ya kusafirisha tu, lakini matumizi ya mbolea yalipanda karibu sawa na ambavyo yangepanda kama bei ingepunguzwa nusu baadaye. Mkulima alikuwa yuleyule. Tarehe ilisogezwa.

Nasi tuna mbolea yetu, nayo ni Januari. Ada ya shule za umma ilifutwa mpaka kidato cha nne tangu 2016 na kwa kidato cha tano na sita tangu 2022, lakini sare, madaftari, viatu, nauli na michango ya shule viko palepale, na kwa wenye watoto shule binafsi ndio kabisa. Januari haijawahi kuja ghafla. Bado vikoba vingi huvunjwa katikati ya Desemba, akiba ya mwaka mzima inaingia mkononi siku chache kabla ya sikukuu, na ikifika Januari 5 mwenye kikoba anatafuta mkopo wa sare za shule. Fundi wa sare naye hupandisha bei wiki hiyohiyo.

Kama wewe ni mwenyekiti au mweka hazina wa kikundi, lipeleke hili kwenye kikao kijacho, kabla ya Desemba: gawaneni robo moja kwa ajili ya sikukuu, na sanduku lifunguliwe lote wiki ya kwanza ya Januari.